Mfungwa wa Ireland Aliyepelekwa Australia: Pale Utafutaji wa Mababu Unapokwama

Kati ya 1788 na 1868 Uingereza ilisafirisha wafungwa wapatao 162,000 kwenda Australia. Kiasi cha 40,000 kati yao walipakiwa melini huko huko Ireland, kuanzia na meli ya Queen iliyotoka Cork na kutia nanga Sydney Septemba 1791. Leo vitukuu na vilembwe wao wanawatafuta, na wengi hukwama. Wakikwama, lawama ya kwanza huangukia moto wa 1922 ulioteketeza jengo la nyaraka Dublin. Moto ule uliunguza mengi, ni kweli, lakini kwa habari za mfungwa uwe wa mwisho kushukiwa. Mara nyingi karatasi ipo, ila mtafutaji amesimama mbele ya kabati lisilo lake.

Kitu kimoja huwashangaza watu: mfungwa ameacha karatasi nyingi kuliko ndugu yake aliyebaki kijijini akilima viazi. Serikali ilimpima kimo, ikaandika rangi ya macho yake, kovu la kidevuni na chale za mkononi, ikamhesabu kila baada ya muda. Ndugu yake huenda aliandikwa mara tatu tu maisha yake yote, na daftari mojawapo likaungua. Ukiwa na babu mfungwa una bahati, hata kama bibi zako walitumia miaka mia moja kuificha habari hiyo.

Hata hujui uanzie wapi

Anzia kwa waliokufa karibuni, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Usajili wa serikali ulianza Tasmania 1838, Australia Magharibi 1841, Victoria 1853 na New South Wales 1856. Cheti cha kifo cha New South Wales cha baada ya hapo kina nafasi ya majina ya wazazi, mahali pa kuzaliwa na miaka ambayo marehemu aliishi koloni. Toa miaka hiyo kwenye mwaka wa kifo, utapata takriban mwaka aliofika. Angalia pia ni nani aliyetoa taarifa. Akiwa mkwe, usiyaamini sana majina ya wazazi wa marehemu, kwani mkwe alisema alichosikia.

Lengo la hatua hii ni kupata mambo matatu: jina la meli, mwaka wa kufika, na mahali alipohukumiwa. Usivuke kwenda kwenye nyaraka za Ireland kabla hujayapata. Wanaovuka mapema ndio wanaorudi na babu wa mtu mwingine.

Unaandika jina, wanatokea watu kumi na wawili

Ukitafuta Mary Kelly, John Ryan au Patrick Murphy, jina peke yake halitakusaidia. Makarani wa koloni walilijua tatizo hili kabla yako, na dawa yao ilikuwa meli. Kila palipoandikwa jina la mfungwa, jina la meli lilifuata, na liliendelea kumfuata miaka mingi baada ya kufika: kwenye hati ya ruhusa ya kujitafutia kazi, kwenye maombi ya kuoa, gazetini alipotoroka, mahakamani alipolewa. Ukiwa na meli una mtu mmoja, au wawili kwa bahati mbaya.

Kama meli huijui, tafuta sensa ya New South Wales ya Novemba 1828. Humo kila mtu ana umri, dini, kazi, mahali anapoishi, meli na mwaka aliofika. Ina pia vifupisho vinavyochanganya wengi. BC ni mzaliwa wa koloni, CF ni aliyekuja akiwa huru, FS ni aliyemaliza kifungo chake, TL ana hati ya ruhusa, CP ana msamaha wa masharti, AP ana msamaha kamili, na GS ni mfungwa ambaye bado yuko kazini kwa serikali au kwa bwana aliyepangiwa. Nimeona mti wa ukoo mzima uliojengwa juu ya CF iliyosomwa kuwa mfungwa.

Wakibaki wawili wenye jina moja ndani ya meli moja, tumia mwili. Orodha ya meli, hati ya ruhusa na cheti cha uhuru vyote vina maelezo ya umbo. Kimo kinaweza kupanda inchi moja au mbili, maana wengine waliletwa wakiwa vijana wa miaka 15 na waliendelea kurefuka. Umri nao husogea miaka mitano huku au kule, na hilo lisikutishe. Kovu halisogei.

Unaandika jina, hatokei mtu

Mara nyingi hapa shida ni sikio la karani. Mfungwa aliyezungumza Kiayalandi alitaja jina lake, Mwingereza akaandika alichosikia. O' na Mac zilidondoka ovyo: O'Brien akawa Brien au Bryan, na huyo akachanganywa na Byrne. Mac Gabhann aliweza kuandikwa McGowan mahali pamoja na Smith mahali pengine. Majina ya kwanza nayo yana uficho wake. Tadhg ameandikwa Thady au Timothy. Diarmuid amekuwa Darby au Jeremiah. Conor ni Cornelius, Honora ni Nora au Hannah, Bridget ni Biddy, na Síle anaweza kujitokeza kama Julia, Judith au Cecilia. Tafuta kwa herufi chache za mwanzo ukiacha mwisho wazi. Kisha tafuta kwa meli na mwaka bila jina lolote, upitie orodha nzima kwa macho. Inachosha, lakini inafanya kazi kuliko kubahatisha tahajia.

Sababu ya pili ni kwamba hakuhukumiwa Ireland. Waayalandi wengi walikuwa wamehamia Liverpool, Manchester, Glasgow na London kutafuta kazi, wakakamatwa huko na kusafirishwa kwa meli zilizotoka Uingereza. Wengine walikuwa askari waliohukumiwa na mahakama za kijeshi kwenye makoloni. Watu hawa huwezi kuwapata katika nyaraka za Dublin hata ukeshe. Watafute kwenye rejista za usafirishaji zilizoko Kew, London, kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, zenye alama HO 11. Kama kesi ilisikilizwa London, mashauri ya Old Bailey, mahakama ya jinai ya mji huo, yapo mtandaoni, kuanzia 1674 hadi 1913.

Sababu ya tatu inauma kidogo: huenda hakuwa mfungwa kabisa. Siku hizi mababu wafungwa wamekuwa fahari, na watu huwabandika hukumu mabibi wasio na hatia. Kati ya 1848 na 1850, njaa kuu ikiwa bado inaua Ireland, wasichana yatima zaidi ya 4,000 walitolewa kwenye nyumba za maskini na kupelekwa Sydney, Port Phillip (eneo la Melbourne) na Adelaide kwa mpango wa serikali. Hawakuwa na kosa. Bibi yako akifika katika miaka hiyo akiwa na miaka 16 au 18, anza na orodha za yatima hao. Angalia pia koloni. Australia Kusini haikuwahi kuwa koloni la wafungwa, na Australia Magharibi ilipokea wanaume tu, kuanzia 1850 hadi 1868. Ukiambiwa bibi wa Perth aliletwa na pingu kutoka Dublin, uliza tena.

Umepekua Sydney yote, hayupo

Tazama mwaka. Kabla ya 1840 karibu kila meli iliyotoka Ireland moja kwa moja na wafungwa ilielekea Sydney. New South Wales ilipoacha kupokea wafungwa, meli zikaelekezwa Van Diemen's Land, yaani Tasmania ya leo, hadi 1853. Mwaka huo huo meli mbili, Robert Small na Phoebe Dunbar, zilipeleka wafungwa kutoka Ireland hadi Fremantle, Australia Magharibi. Kwa hiyo mtu aliyehukumiwa Mayo au Clare mwaka 1847 kwa kuiba kondoo humtafuti Sydney, unamtafuta Hobart, mji mkuu wa Tasmania.

Ni heri yako akiwa Hobart. Nyaraka za Tasmania ni tajiri ajabu, na sehemu kubwa zimepigwa picha na kuwekwa wazi bila malipo na maktaba ya jimbo hilo. Daftari za mwenendo za miaka ya 1840 na kuendelea, CON 33 kwa wanaume na CON 41 kwa wanawake, zinaeleza kila kosa na kila adhabu. Orodha za kupokelea, CON 14 na CON 15, huandika pia ndugu: baba fulani, mama fulani, kaka watatu, na wanakoishi. Ukipata ukurasa huo umepita nusu ya safari. Mwandiko utakutesa, lakini makarani walirudia vifupisho vile vile, na baada ya kurasa chache jicho linazoea.

Yuko kwenye orodha ya meli Sydney, lakini Dublin hawamjui

Hapa ndipo moto unapoingia. Tarehe 30 Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza, jengo la nyaraka lililokuwa Four Courts liliteketea. Rejista zote za usafirishaji za kabla ya 1836 zilipotea humo. Zilizosalia, za 1836 hadi 1857, zilipona kwa sababu zilitunzwa Dublin Castle. Mwaka 1988, Australia ilipoadhimisha miaka 200 tangu wafungwa wa kwanza wafike, serikali ya Ireland iliipa zawadi ya nakala za mikrofilamu za nyaraka hizo, na faharasa yake sasa inatafutika mtandaoni.

Basi kama mtu wako alihukumiwa 1825, kutokuwepo kwake kwenye faharasa hakumaanishi kuwa jina si lake. Hatakuwepo isipokuwa yeye au watu wake waliandika ombi la kuhurumiwa. Maombi ya wafungwa yamehifadhiwa tangu 1788, na hayo ndiyo dhahabu ya utafutaji huu. Humo utamkuta mama anayeeleza kuwa mwanawe ndiye tegemeo la watoto saba, padri wa parokia akishuhudia tabia yake, pengine hata mwenye shamba akiweka sahihi, na jina la kijiji likatajwa bila mtu kukusudia kukusaidia. Baada ya 1836 maombi haya yamo kwenye majalada ya kila mfungwa. Faharasa huonyesha mistari michache tu, na barua yenyewe inabidi iagizwe kutoka Hifadhi ya Taifa, Bishop Street, Dublin. Watu wengi huishia kwenye faharasa wakidhani wamemaliza.

Fungu jingine linalosahauliwa ni la wake waliobaki. Serikali iliwahi kugharimia safari za wake na watoto wa baadhi ya wafungwa waliokuwa na mwenendo mzuri, na maombi yao ya 1828 hadi 1852 yapo. Mfungwa anaweza asiwe na ombi lake mwenyewe, lakini mkewe akawa nalo.

Kuna na kinyume chake: unampata Dublin, Australia hayupo. Si kila aliyehukumiwa kusafirishwa alipanda meli. Wengine walikufa gerezani, wengine walisamehewa, wengine walitumikia kifungo chao Ireland hadi wakaachiwa. Kabla ya kumfanya babu yako, thibitisha kuwa alipakiwa.

Na kwa meli za mwanzo kabisa, za miaka ya 1790, nyaraka za wafungwa kutoka Ireland zilichelewa kufika Sydney. Walikuwapo watu waliodai kuwa wamemaliza miaka yao saba na gavana hana karatasi ya kuwakubalia wala kuwakatalia. Tarehe za hukumu za kundi hilo zichukue kwa tahadhari.

Umepata kaunti, kijiji hakionekani

Huu ndio mkwamo wa kawaida kuliko yote. Orodha za meli za kabla ya kati ya miaka ya 1820 hutaja jina, mahali na tarehe ya hukumu, na urefu wa kifungo, basi. Baadaye ndipo yanaongezwa dini, elimu, ndoa, watoto, kazi, kosa na mahali pa asili.

Kosa linalorudiwa ni kuchukua mahali pa hukumu kuwa mahali pa kuzaliwa. Aliyehukumiwa Dublin anaweza kuwa mtu wa Wicklow au Kildare aliyekwenda mjini kutafuta kibarua. Orodha ikiwa na safu zote mbili, soma zote mbili. Majina ya kaunti pia yamebadilika: King's County ni Offaly, Queen's County ni Laois. Bandari ya Cove ya wakati wa wafungwa, karibu na Cork, iliitwa Queenstown kuanzia 1849, na sasa ni Cobh. Bandari ya Kingstown, karibu na Dublin, ni Dún Laoghaire.

Ukiwa na kaunti na mwaka wa kesi, nenda kwenye magazeti ya huko. Mahakama kubwa zilikaa kwa vipindi, na magazeti ya wilaya yaliripoti kesi, wakati mwingine yakitaja aliyeibiwa na shamba lake. Jina la aliyeibiwa lina thamani kuliko linavyoonekana. Mwizi wa kondoo asiye na farasi hakwenda mbali sana. Mtafute mwenye kondoo kwenye daftari za zaka za 1823 hadi 1837, au kwenye uthamini wa Griffith, yaani orodha ya serikali ya ardhi na nyumba za Ireland, wa 1847 hadi 1864, uone ardhi yake iko parokia gani. Kisha angalia kama ukoo wa mtu wako wamo katika parokia hiyo na za jirani. Ireland ina vitongoji zaidi ya 60,000, hivyo kupunguza hadi parokia tatu ni ushindi.

Rejista za magereza za Ireland nazo zipo, baadhi kuanzia 1790, na mara nyingine hutaja mahali pa kuzaliwa wazi kuliko orodha ya meli. Ndipo uingie kwenye daftari za parokia za Kikatoliki, ambazo Maktaba ya Taifa ya Ireland iliziweka mtandaoni bure mwaka 2015. Ziko kwa Kilatini au Kiingereza. Jacobus ni James na Gulielmus ni William. Jiandae kwa pigo: parokia nyingi za magharibi zina daftari zinazoanzia miaka ya 1820 au 1830, wakati babu yako amekwisha kusafirishwa. Hapo unatafuta ubatizo wa wadogo zake au watoto wa kaka yake. Sensa za kabla ya 1901 usizitegemee. Za 1821 hadi 1851 karibu zote ziliungua 1922, na zilizofuata serikali yenyewe ilikuwa imeziharibu. Vipande vilivyookolewa na nakala zilizopatikana kwingine vinakusanywa kwenye hazina ya kidijitali iliyofunguliwa Juni 2022, miaka 100 baada ya moto, na inastahili kupekuliwa upya kila mwaka.

Ubatizo wa watoto wake Sydney hauonekani

Unatafuta kwa Wakatoliki, sivyo? Padri James Dixon, ambaye mwenyewe alikuwa mfungwa baada ya uasi wa Waayalandi wa 1798 dhidi ya Uingereza, aliruhusiwa kusalisha Misa hadharani Mei 1803. Mwaka uliofuata, baada ya wafungwa, wengi wao Waayalandi, kuasi huko Castle Hill karibu na Sydney, ruhusa ikafutwa. Mapadri wenye kibali cha serikali, Therry na Conolly, hawakufika hadi 1820. Kwa miaka yote hiyo Mkatoliki aliyetaka ndoa au ubatizo uandikwe alikwenda kwa Waanglikana, St Philip's Sydney au St John's Parramatta. Wengine hawakwenda popote. Usihitimishe kuwa babu alibadili dini.

Kuhusu ndoa, mfungwa alihitaji kibali cha gavana, na maombi ya 1825 hadi 1851 yana faharasa. Utakuta mtu ambaye orodha ya meli inasema ana mke na watoto wawili Tipperary, halafu anaomba kuoa akijitaja kapera au mjane. Si lazima awe mtu tofauti. Mke alikuwa ng'ambo ya bahari, hakuna aliyetarajia kumwona tena, na wakuu mara nyingi hawakuuliza sana. Linganisha meli na umri, uamue.

Anatoweka baada ya kupata uhuru

Aliyehukumiwa miaka saba kwa kawaida aliweza kupata hati ya ruhusa baada ya miaka minne, wa miaka 14 baada ya sita, wa maisha baada ya minane. Hati ilimfunga kwenye wilaya moja, kwa hiyo hadi hapo anafuatika. Cheti cha uhuru kikishatoka, serikali inaacha kumwandika. Wa Tasmania wengi walivuka kwenda Victoria, hasa baada ya dhahabu kugunduliwa 1851, na baadhi walibadili majina wakiwa njiani. Mtafute kwenye magazeti ya zamani ya Australia kupitia tovuti ya Trove, na kwenye hospitali na nyumba za wazee maskini, ambako wengi walimalizia maisha bila ndoa wala watoto. Akiwa na cheti cha kifo kisicho na jina la mzazi hata mmoja, huenda ndiye.

Familia inasema alikuwa mpigania uhuru, karatasi inasema kondoo

Wafungwa wa kisiasa walikuwapo: waasi wa 1798, kundi dogo la waasi wa 1848 akiwamo kiongozi wao William Smith O'Brien, na Wafenian 62, wanachama wa chama cha siri cha kupigania uhuru wa Ireland, waliofika Fremantle Januari 1868 kwa meli ya Hougoumont, ya mwisho kabisa. Lakini walikuwa wachache, na wengi wao wanajulikana kwa majina. Walio wengi waliiba nguo, ng'ombe au chakula. Usiitupe hadithi ya familia upesi, hata hivyo. Sheria ya uasi ya 1822 iliruhusu mtu kusafirishwa miaka saba kwa kukutwa nje ya nyumba yake usiku katika wilaya zilizotangazwa kuwa na fujo, bila baraza la wazee wa mahakama. Ukiona neno Insurrection (uasi) kwenye safu ya kosa, kuna ugomvi wa ardhi au zaka nyuma yake, na magazeti ya kaunti hiyo ya miezi michache kabla ya kesi yanaweza kuutaja.

Kipimo cha DNA hakisemi kitu

Nusu ya binamu wa kizazi cha nne hivi hawashiriki hata kipande kimoja cha DNA kinachopimika, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi. Mpime mzee kuliko wote aliye hai katika ukoo, si kijana mwenye shauku. Kisha tafuta jamaa walioko Ireland au Marekani ambao miti yao inaishia kwenye parokia zile zile tatu ulizokwisha kuzipunguza. Bila hizo parokia, orodha ya jamaa 2,000 ina akina Ryan watupu.